Mama hataki boksi la CD litoke Pangani: ninunue draivu ya ndani au ya nje?

Barua

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga mjini. Nina mume na watoto watatu, na nina steshenari ndogo ya kutoa kopi, kuchapa, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu wote nitakaowaeleza humu ni ndugu na baadhi yao wanakusoma.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Pangani na jioni alifundisha madrasa. Alikuwa mtu wa kutunza vitu. Ametuachia boksi zima la CD na DVD: harusi zetu sisi wanawe, maulidi ya madrasa, kaswida za wanafunzi wake, na mawaidha aliyokuwa akiyatoa mwezi wa Ramadhani. Nyingine ni zile VCD za harusi ambazo shughuli moja ilikuwa inatoka CD mbili au tatu. Nyingine alizichoma mwenyewe kwa msaada wa rafiki yake na kuziandika juu kwa kalamu ya maka. Zipo pia zilizobandikwa karatasi yenye picha, na karatasi hiyo sasa imeanza kubanduka pembeni. Tulikuwa tunaziangalia kwenye deki ya mama. Deki imekufa, na fundi aliyeitazama amesema haifai tena kutengenezwa.

Mama tangu amalize eda hajaniomba kitu kingine chochote isipokuwa hiki: asikie sauti ya baba. Na wajukuu wadogo hawakuwahi kumwona. Kwa hiyo nimeamua nizihamishe zote ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Kompyuta ya dukani ni ya mezani, mtumba wa Ulaya, na mbele ya sipiyu kuna nafasi iliyozibwa kwa plastiki; draivu haina. Laptopu ya kijana wangu mkubwa, anayesoma chuo Dodoma, ni hizi nyembamba ambazo hazina pa kuingiza CD kabisa. Fundi kompyuta tunayemtumia ni mtoto wa dada yake mume wangu. Yeye anasema ana draivu ya ndani aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, atanifungia kwa shilingi 20,000 pamoja na ufundi. Anasema draivu ya ndani ndiyo yenye nguvu, na hizi za nje za kuchomeka USB ni vitu vya kuchezea watoto, zitanikwaruzia CD zote. Kijana wangu naye anasema za ndani zimepitwa na wakati, ninunue ya nje nichomeke nimalize. Dukani nimeikuta kwa shilingi 65,000.

Mume wangu yuko upande wa mpwa wake. Anasema ikifungwa dukani italeta na pesa, maana wapo wateja wanaokuja na CD za picha walizopigwa hospitali, za CT na MRI, wanataka kuzifungua au kuzituma kwa daktari mwingine, tunawarudisha. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, yeye anasema tusihangaike, nimpe boksi lote mtu anayesafiri, atazihamisha huko kwenye vifaa vizuri. Mama amesikia hilo akasema boksi halitoki ndani ya nyumba yake, si kwenda Muscat wala kwenda Tanga. Kuna studio moja hapa mjini ilikubali kuzihamisha zote, lakini hapo mimi mwenyewe ndiye niliyekataa. Ndani ya zile CD za harusi kuna siku za singo na shughuli za wanawake watupu, dada zangu na mashangazi wakiwa vichwa wazi wanacheza. Siwezi kumpa kijana wa studio akae anatazama.

Nimewahi kuchukua CD mbili kimyakimya nikazijaribu kwenye deki ya jirani. Ya mawaidha ilienda mpaka katikati ikaanza kukwamakwama, ikasimama. Nyingine, ambayo najua ndani yake kuna baba anasoma dua siku ya ndoa ya mdogo wangu, ilionyesha kama tupu. Tangu siku ile nina hofu kwamba nikikosea kifaa nitazimaliza kabisa.

Pesa niliyoitenga ni ya kununua mara moja tu. Nikimkataa fundi, kwa wifi yangu nitaonekana namdharau mwanawe. Nikimkataa kaka, ataona simwamini. Mama mshauri, ninunue ya ndani au ya nje?

Ni mimi, Binti wa Mwalimu, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amghufirie mzee wetu.

Nimeisoma barua yako taratibu, na kabla sijagusa habari za draivu nataka nikurudishie nilichokisikia, unisahihishe kama nimesikia vibaya. CD ziko Pangani na mwenyewe hataki zitoke. Kompyuta iko Tanga, dukani, mahali ambapo watu wanaingia na kutoka. Laptopu iko Dodoma na kijana. Wanaume watatu kila mmoja ana kifaa chake kichwani, na kila mmoja anakutakia mema kwa namna yake. Wewe uko katikati na shilingi zako za kununua mara moja. Swali umeliuliza kwa jina la kifaa, lakini naona nusu yake ni kazi hii ifanyikie wapi na nani awepo inapofanyika.

Tuanze na neno la fundi, kwa sababu ndilo lililokutia hofu. Draivu yoyote ya CD, iwe ndani ya sipiyu au ipo mezani na waya wake, inasoma kwa mwanga wa leza. Kile kijicho hakiigusi CD, kinamulika kutoka chini kama tochi inavyomulika maandishi bila kugusa karatasi. Kwa hiyo draivu ya nje haikwaruzi CD kwa sababu ni ya nje. Inaweza kukwaruza ikisogezwa au kuinuliwa CD ikiwa inazunguka, na hatari hiyo kweli ni kubwa zaidi kwa kifaa chepesi kilicholala juu ya meza yenye watoto kuliko kwa kilichofungwa skrubu ndani ya chuma. Pia zile nyembamba za nje zinataka CD uibonyeze katikati mpaka isikike imekaa kwenye kitovu. Ikikaa upande inaweza kuumia. Basi fundi hakusema uongo mtupu, lakini ameupa lawama ule udogo wa kifaa wakati jambo lenyewe ni utulivu wake.

Na hizo nguvu anazozisema? Zipo. Draivu kubwa ya ndani inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai ya kompyuta, volti 12 na volti 5. Kwa kawaida inafika kasi inayoandikwa 48x kwa CD na 16x kwa DVD. Ile nyembamba ya nje kwa kawaida inaishia 24 kwa CD na 8 kwa DVD. Lakini kasi ya 8 kwa DVD ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na DVD ya kawaida yenye gigabaiti 4.7 inakwisha kusomwa kwa dakika chache kama haina ugonjwa. Kwa CD zilizochoka kama zenu, kasi ndiyo adui. Draivu ikikutana na sehemu mbovu inapunguza mwendo yenyewe, na mara nyingi ile inayosoma polepole inatoka na kitu. Kwa hiyo usiinunue kasi, maana haitakufaa kwa kazi hii.

Udhaifu wa kweli wa draivu ya nje ni chakula chake. Inakula umeme kupitia tundu la USB, na tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Baadhi ya draivu zinapoanza kuzungusha CD zinataka zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Dalili zake utaziona: inalia tik-tik, inaonekana kwenye kompyuta halafu inapotea, CD inaanza kuzunguka halafu inanyamaza. Watu wengi hapo wanadhani CD imekufa kumbe draivu ina njaa. Ndiyo maana baadhi huuzwa na waya wenye vichwa viwili vya USB, ili ivute kutoka matundu mawili. Usiichomeke kwenye kigawio cha USB kisicho na umeme wake. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Kwa laptopu nyembamba muulize kijana jambo moja kabla hujafungua pochi: ina matundu ya USB yale mapana ya kawaida, au ina yale madogo yenye ncha za mviringo (USB-C) tu? Kama ni madogo tu, utahitaji kigeuzi, nacho kiwe kizuri.

Sasa hebu tuitazame ya fundi kwa makini, kwa sababu shilingi 20,000 ni pesa kidogo na yeye ni mtoto wenu. Mwombe aifungue sipiyu mbele yako. Ndani kuna waya mpana bapa wenye pini 40, au waya mwembamba wa SATA? Draivu za zamani zilitumia ule mpana, na kompyuta ya dukani huenda haina tena pa kuuchomeka. Kuna kichwa cha umeme kilichobaki wazi? Na ile nafasi iliyozibwa kwa plastiki ni ya draivu nene au nyembamba? Mitumba mingi ya maofisini, hasa ile yenye sipiyu ndogo ya kulala, inachukua draivu nyembamba ya aina ya laptopu, na ile nene haiingii hata kwa nyundo. Halafu mwambie aijaribu kwa CD mbili tatu za kawaida, si za baba, kabla hujatoa pesa. Draivu iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa huenda ni nzima kabisa, na huenda leza yake imechoka kama ya deki ya mama. Kuifunga hakukuambii chochote, mpaka isome ndipo utajua.

Lakini nina wasiwasi na duka zaidi ya nilivyo na wasiwasi na draivu. Uliikataa studio kwa sababu ya singo na vichwa wazi vya mashangazi, na nakuunga mkono. Basi niambie, hizo video zikishaingia kwenye kompyuta ya steshenari, nani mwingine anaikalia? Msaidizi wako? Wateja wanaochomeka flashi zao? Kompyuta ya kazi kama yako inapokea flashi za kila aina, na virusi hawabishi hodi. Siku kompyuta ikigoma, inakwenda kwa fundi na kila kilichomo. Sisemi kazi haiwezi kufanyika dukani. Inaweza, usiku mlango ukiwa umefungwa, video zikipita kwenda kwenye hadi diski ya pembeni bila kubaki humo. Nasema tu kwamba jambo ulilolikimbia studio linaweza kukufuata dukani kwako, na ni vizuri ulipime kabla ya kufunga skrubu.

Na umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya kushikilia umeme, inazima hapohapo umeme ukikatika. CD inayosomwa haidhuriki kwa kuzimikiwa, ila unaanza upya, na faili lililokuwa linahama linaweza kubaki nusu. Laptopu ina betri.

Nikigeukia draivu ya nje, uzuri wake kwenu ni kwamba inapanda basi. Kijana akija likizo, mnakwenda Pangani na laptopu, mnakaa sebuleni kwa mama, boksi halitoki ndani ya nyumba yake. Yeye mwenyewe anazitoa moja moja, anawaambia hii ni ya nani, mwaka gani, yule mzee aliyekaa kulia ni nani. Mnaandika. Hayo majina hayamo ndani ya CD yoyote, mwanangu, yamo kichwani mwake. Siku hiyohiyo ikirudi Tanga, draivu hiyohiyo inachomeka kwenye kompyuta ya duka ikihitajika. Ubaya wake nimekutajia: inaanguka, inabebwa, inakosa umeme. Kuna ubaya mwingine usio wa kifaa. Kijana akirudi Dodoma na laptopu, kazi inasimama mpaka likizo nyingine. Na sokoni zipo za bei ya chini zenye jina zuri juu na tumbo baya ndani, kwa hiyo shilingi 65,000 iende na ruhusa ya kuijaribu palepale dukani na kuirudisha ikigoma.

Ipo njia ya tatu ambayo katika barua hakuna aliyeitaja. Ile draivu ya fundi inaweza kutumika nje bila kufungwa ndani ya sipiyu. Kama ni nyembamba ya aina ya laptopu, yapo makava yanayoigeuza kuwa ya USB. Kama ni nene, ipo adapta ya SATA kwenda USB, lakini hakikisha ina chaja yake ya ukutani inayotoa volti 12, maana draivu nene haitazunguka kwa umeme wa USB peke yake. Hapo fundi anapata heshima yake na kazi yake, nawe unapata kitu cha kubeba. Gharama ya kava au adapta uijue kwanza, isije ikazidi ile ya kununua mpya.

Umesema pesa ni ya kununua mara moja. Nakuuliza kwa upole: katika hesabu hiyo umeweka mahali pa kuzihifadhi? Draivu ni njia tu ya kupita. CD moja inabeba kama megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7, na zile za tabaka mbili 8.5. Boksi la DVD hamsini zilizojaa linakaribia gigabaiti 235. Hadi diski ya nje ya gigabaiti 500 inatosha, ila moja ikianguka mmerudi msibani. Ziwe mbili, moja kwa mama na moja kwako. Kama pesa haitoshi draivu ya bei kubwa pamoja na hifadhi mbili, hapo ile ya fundi inaanza kuonekana kwa jicho jingine.

Na hapa ndipo ninapomwona kaka yako wa Muscat. Umesema ukimkataa ataona humwamini. Lakini anachotaka ni CD zisipotee, na anataka awe na mkono katika jambo la baba yake akiwa mbali. Huenda hahitaji boksi. Huenda anaweza kuzinunua hizo hadi diski, au draivu nzuri ya nje, akampa mtu anayekuja, na mtu huyohuyo au mwingine akamrudishia nakala yake imejaa. Kubebesha CD za asili ambazo hazina nakala nyingine duniani kwenye begi la msafiri, katika joto na misukosuko ya njiani, ni hatari ambayo naye akiifikiria ataiona. Mweleze hivyo, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, na umpe kazi yake.

Wateja wa CD za hospitali nao ni kweli wapo. CT na MRI hutolewa kwenye CD mpaka leo sehemu nyingi, na mumeo ameona soko. Ila hilo ni jambo la duka na la mama ni la familia. Mkiyafunga pamoja, mojawapo litakuja kulipa deni la mwenzake. Weka daftari kaunta, andika kila mteja anayerudishwa kwa sababu ya CD kwa mwezi mmoja. Wakiwa wengi, draivu ya ndani inajilipa yenyewe na mpwa wenu ataifunga kwa moyo mkunjufu. Wakiwa wachache, mumeo ataona mwenyewe kwenye daftari, hutahitaji kubishana naye.

Sasa zile CD mbili zilizokutia hofu. Ya mawaidha iliyokwama katikati haijafa kwa sababu deki moja imeshindwa. CD hiyohiyo inaweza kugoma kwenye draivu hii na kusomeka kwenye ile, kwa sababu leza hazilingani. Hii ndiyo sababu siwezi kukuambia ya ndani itaisoma au ya nje itaisoma, na mtu yeyote atakayekuahidi hivyo hajawahi kuhangaika na CD za kuchoma. Ifute kwa kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Usiibandue karatasi iliyobandikwa juu. Kwenye CD, lile tabaka linalong'aa liko juu, chini kidogo tu ya maandishi, limefunikwa kwa rangi nyembamba, na karatasi ikibanduka inaweza kuondoka nalo. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa maandishi ni mbaya kuliko ule wa chini tunaouogopa. DVD ina nafuu, tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Na yoyote yenye ufa karibu na tundu la katikati usiiingize popote. Kwa kasi kubwa CD inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na yenye ufa inaweza kupasukia ndani na kuua draivu pamoja nayo.

Ile ya dua inayoonekana tupu, hiyo niisemee kwa herufi kubwa moyoni mwako: kompyuta ikikuuliza kama uitayarishe ili uandike ndani yake, kataa, funga, toa. Huenda CD au DVD inayoonekana tupu ilirekodiwa lakini haikufungwa mwishoni, ile hatua ya mwisho ambayo mrekodi alitakiwa kuifanya. Kama ni hivyo, picha zimo. Itafute mashine iliyoirekodi kama bado ipo, kwa sababu hiyo yenyewe ina uwezo wa kuifunga. Ikishindikana, kuna programu kama IsoBuster inayoweza kuzisoma za namna hiyo. Na kwa zile zenye madoa kuna ddrescue kwenye Linux, ambayo inanakili kwanza sehemu nzima na kuzirudia mbovu baadaye, taratibu. Kijana wa chuo ataielewa. Ya kuchezea video iwe VLC, ni ya bure na inafungua VCD na DVD zote mbili. Windows tangu toleo la 8 haiji tena na uwezo wa kuchezesha DVD, kwa hiyo usishtuke draivu mpya ikichomekwa na picha isitoke.

Anzeni na CD msizozionea uchungu sana, mikono izoee, kisha mawaidha, kisha dua.

Kuhusu wifi yako, mimi nisingemwendea na neno la kukataa. Ningemwita mpwa, nimpe chai, nimwambie: mwanangu, njoo unikagulie sipiyu, na unieleze draivu yako ni ya aina gani. Labda yake ndiyo itakayofaa. Labda yeye mwenyewe akiiona nafasi ya duka atasema, shangazi, bora ya nje. Likitoka kinywani mwake, nyumba nzima inatulia. Na mama naye umuulize jambo ambalo naona hakuna aliyemuuliza: anakataa boksi lisiende Tanga kwa sababu ya CD, au kwa sababu hataki zisikilizwe yeye akiwa hayupo? Jibu lake linaweza kukuchagulia kifaa kuliko mimi.

Ukiniandikia tena, ninakilie maneno yaliyo kwenye kibandiko cha juu ya draivu ya fundi, na kijana akupigie picha ubavu wa laptopu yake panapoonekana matundu. Hayo mawili yatanitosha kukuambia nini kitaingia wapi, na kama ile adapta itahitajika au la.